Laptopu kuukuu na mfumo huria: majibu kwa maswali ya wasomaji

Tangu Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinauliza jambo moja: nini kifanyike na laptopu ambayo bado inawaka, skrini na kibodi yake ni nzima, lakini mwenyewe anaambiwa kwamba muda wake umekwisha? Tumechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, na tumeyafupisha bila kubadili maana. Mengi yanahusu Linux, mfumo endeshi huria, yaani programu kuu ya kuendesha kompyuta inayotolewa bure na kuwekwa badala ya Windows.

SWALI: Laptopu yangu ni ya mwaka 2013. Ina prosesa ya Core i3 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Huchukua dakika kadhaa kuwaka, na nikifungua kivinjari hukwama kwa muda mrefu kabla ya kuitikia. Fundi mmoja ameniambia niitupe, mwingine ameniambia niweke Linux. Nimsikilize yupi?
*Mwalimu mstaafu*

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Fundi wa pili yuko karibu na ukweli, ingawa ameruka hatua moja. Kabla ya kuamua ni mfumo endeshi upi uwekwe, ni lazima kwanza ijulikane ni kitu gani hasa kinachoichelewesha kompyuta, kwa sababu mfumo mpya hauwezi kuponya kifaa kilichochakaa.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi ninaishuku diski. Laptopu nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani na diski ya sahani, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika huku mkono wenye kichwa cha kusomea ukihama huku na huku kutafuta data. Kila mhamo hula milisekunde kadhaa, kwa hiyo diski ya namna hiyo hufanya misomo mia moja hivi kwa sekunde inapotafuta vitu vilivyotawanyika, ilhali SSD (diski ya chipu) ya kawaida yenye kiunganishi cha SATA, isiyo na kitu chochote kinachozunguka, hufanya makumi ya maelfu. Kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya mafaili madogomadogo yaliyotapakaa kila pembe ya diski, na huko ndiko dakika zako zinakopotelea. Diski ya inchi 2.5 katika laptopu za umri huo hutoka kwa kufungua skrubu chache, na SSD ya umbo lilelile huingia mahali pake. SSD nyingi zina unene wa milimita 7, ilhali nafasi ya zamani mara nyingi ni ya milimita 9.5; fremu nyembamba ya plastiki huziba pengo hilo ili diski isicheze ndani. Ikiwa uwezo wako unaruhusu badiliko moja tu la kifaa, naomba liwe hilo.

Baada ya diski ndipo tuitazame RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye mazingira ya Xfce (eneo-kazi na menyu zake), ikiwa imewaka tu na hakuna programu iliyofunguliwa, hutumia karibu GB 1, na waandaaji wake hutaja GB 2 kuwa kiwango cha chini na GB 4 kuwa kiwango cha kufanya kazi kwa starehe. Kwa hiyo unatosheka, lakini kwa tahadhari moja ambayo wanaoisifu Linux husahau kuitaja: kurasa za tovuti za leo zinaweza kula mamia ya megabaiti kila moja, na ukurasa uleule hula karibu kiasi kilekile uwe umefunguliwa katika Windows au katika Linux. Mfumo mwepesi hupunguza mzigo wa mfumo wenyewe. Mzigo wa intaneti unabaki palepale. Ukifungua kurasa tano kwa wakati mmoja hutaona taabu, lakini ukifungua thelathini utaiona. Ukipata nafasi ya kuongeza RAM ifike GB 8, soma kwanza kibandiko cha ile iliyomo. Ikiandikwa PC3L ni ya volti 1.35, na ikiandikwa PC3 bila herufi L ni ya volti 1.5. Ile ya volti 1.35 kwa kawaida hukubali kufanya kazi katika mashine ya volti 1.5, lakini kinyume chake usikijaribu.

Kuhusu kubaki na Windows, njia ni nyembamba. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi isipokuwa chache sana, kwa hiyo laptopu yako haimo. Kuendelea na Windows 10 bila masasisho ya usalama, huku ukiitumia kwa barua pepe na huduma za benki, ni hatari inayokua mwezi hadi mwezi. Linux Mint 22, kwa upande wake, imeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029, na haiulizi mashine yako ilizaliwa lini maadamu prosesa ni ya biti 64, kama yako ilivyo.

Ninakushauri uanze na hiyo Mint ya Xfce. Utawasikia watu wakikuhimiza uchukue Lubuntu, toleo jingine la Linux, kwa kuwa ni nyepesi zaidi, na ni kweli kwamba mazingira yake ya LXQt hutumia RAM kidogo kuliko Xfce. Lakini tofauti hiyo ni ya megabaiti mia chache, ambazo ukurasa mmoja mzito wa tovuti unaweza kuzimeza peke yake. Mtu anayeanza anahitaji zaidi menyu anayoielewa, programu ya masasisho inayojieleza na wingi wa watu waliokwisha kukutana na tatizo lake, na katika hayo Mint iko mbele.

SWALI: Ninaogopa kupoteza picha za watoto na nyaraka za kazi. Je, ninaweza kuijaribu Linux kwanza bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta? Nifuate utaratibu gani?
*Mama anayefanyia kazi nyumbani*

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, kwa maana hatua moja katika kazi hii hufuta diski nzima kwa kubofya mara chache tu. Bahati nzuri ni kwamba hatua hiyo huja mwisho, na kabla yake unaweza kujaribu karibu kila kitu bila hasara.

Anza kwa kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha chomeka diski hiyo katika kompyuta nyingine na ufungue picha kadhaa na nyaraka kadhaa kwa macho yako. Nakala ambayo haijafunguliwa na kuthibitishwa usiihesabu kuwa nakala. Usisahau alamisho za kivinjari na nywila zilizohifadhiwa ndani yake, kwa kuwa hizo hazimo katika folda ya nyaraka, na wengi huzikumbuka wakati zimekwisha kupotea.

Kisha pakua faili la Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi. Ni faili la karibu GB 3, na kando yake huwekwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika *certutil -hashfile*, kisha jina la faili, kisha *SHA256*, na ulinganishe jibu na mfululizo ulioandikwa kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa, na unapaswa kulipakua upya. Ukaguzi huu huchukua muda mfupi sana, na huokoa saa nyingi za kuhangaika na usakinishaji unaokwama katikati bila sababu inayoonekana.

Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa, kisha tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili hilo juu yake. Kulinakili kwa kuliburuta kama faili la kawaida hakufai; kompyuta haitawaka kutoka kwenye flashi ya namna hiyo. Zima kompyuta kabisa, chomeka flashi, iwashe, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwakia: katika Dell na Lenovo nyingi ni F12, katika HP nyingi ni F9, au Esc inayofungua orodha ya vitufe vingine. Chagua flashi katika orodha itakayotokea, na baada ya muda utaona eneo-kazi kamili la Mint likiendeshwa kutoka kwenye flashi, huku diski yako ikiwa haijaandikwa chochote.

Hapo ndipo ninapokuomba usifanye haraka. Unganisha Wi-Fi, cheza video na usikilize sauti, jaribu kamera, ongeza na upunguze mwanga wa skrini kwa vitufe vyake, kisha funika laptopu ilale, uifunue baada ya dakika chache na uone kama inaamka ipasavyo, kwa kuwa kulala na kuamka ndiko kunakosumbua baadhi ya mashine za zamani. Fungua pia programu ya diski iliyomo na utazame takwimu za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake: mstari unaohesabu sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu zilizobadilishwa) ukiwa sifuri ni dalili nzuri, na ukiwa na idadi inayopanda kila unapoangalia, diski hiyo inakufa na haifai kusakinishiwa chochote. Usishangae ikiwa kila kitu kinaonekana kwenda polepole wakati wa jaribio, kwa maana flashi husomwa taratibu kuliko diski ya ndani.

Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha iliyo juu ya eneo-kazi. Utaulizwa kama unataka kuiweka Mint kando ya Windows au kufuta diski yote. Wanaotaka kubaki na mifumo yote miwili wazime kwanza, wakiwa ndani ya Windows, mpangilio wa uwakaji wa haraka, kwa sababu ukiwa umewashwa Windows haijizimi kikamilifu, na Linux inaweza kukataa kuandika katika sehemu yake ya diski. Wahakikishe pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, na kama imefungwa wahifadhi ufunguo wa kuirejesha mahali pengine kabla ya kugusa lolote. Kwako wewe, mwenye diski moja na nakala iliyothibitishwa, ninaona ni salama na rahisi zaidi kufuta yote na kuanza upya, maana mfumo ambao haupati masasisho hauna faida kubwa ya kutunzwa.

SWALI: Nimefuata maelekezo na Mint imekaa vizuri, lakini Wi-Fi haionekani kabisa. Siwezi kupakua kiendeshi kwa sababu sina intaneti, na sina intaneti kwa sababu sina kiendeshi.
*Mwanafunzi wa chuo*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, tatizo hili hutokea mara nyingi katika laptopu zenye kadi za Wi-Fi za chipu za Broadcom, ambazo viendeshi vyake (programu zinazouwezesha mfumo kutumia kifaa) si huria na hivyo haviwi tayari kila mara tangu mwanzo. Chukua simu yako ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa kipengele cha kushiriki intaneti kupitia USB. Mint itaiona simu hiyo kana kwamba ni waya wa mtandao, bila kiendeshi chochote cha ziada. Baada ya hapo fungua programu ya kusimamia viendeshi, subiri itafute, chagua kiendeshi inachokipendekeza, na uwashe kompyuta upya. Kama bado haionekani, kagua ikiwa laptopu ina swichi ndogo ubavuni au kitufe cha kuzima redio. Laptopu nyingi za zamani zinayo, na ikiwa imezimwa hakuna kiendeshi kitakachosaidia.

SWALI: Kazi yangu yote ni nyaraka za Word ninazotumiana na wenzangu. Nikihamia Linux zitafunguka? Nimeambiwa mistari huhama na kurasa huongezeka.
*Katibu muhtasi*

JIBU: Zitafunguka, na aliyekuambia kuhusu mistari hakukosea. LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint, husoma na kuandika mafaili ya docx na xlsx. Mara nyingi kinachohamisha mistari ni fonti. Waraka ulioandikwa kwa Calibri ukifunguliwa katika kompyuta isiyo na Calibri, programu huweka fonti nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, neno la mwisho la mstari husukumwa chini, na kufikia ukurasa wa kumi jedwali limekatika katikati. Fonti ya Carlito ilitengenezwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, Caladea vivyo hivyo kwa Cambria, na fonti za Liberation hufanya hivyo kwa Times New Roman na Arial. Tafuta vifurushi vya *fonts-crosextra-carlito* na *fonts-crosextra-caladea* katika programu ya kusakinishia, uviweke, kisha ufungue upya waraka uliokusumbua. Katika nyaraka nyingi za kawaida, kurasa zitarudi mahali pake.

Hata hivyo, naomba uwe makini na mambo mawili. Mafaili ya Excel yenye makro ndefu (amri zinazojiendesha) huenda yasifanye kazi inavyotakiwa, na Microsoft Office yenyewe haisakinishwi katika Linux isipokuwa kwa njia za kuzunguka ambazo sikushauri uzitegemee kwa kazi unayolipwa. Ikiwa ofisi yako inaishi juu ya makro hizo, au juu ya programu ya hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee, basi laptopu kuukuu iwe ya pili, na kazi hiyo ibaki katika kompyuta inayoiweza. Nyaraka zinazokwenda kusomwa tu, bila kuhaririwa, zitume kwa PDF, maana huko mistari haihami.

SWALI: Kitu kikubwa namna hii kinatolewaje bure? Nani analipa, na atadai nini baadaye?
*Msomaji mwenye mashaka*

JIBU: Mashaka yako ni ya busara katika zama ambazo huduma nyingi za bure hulipiwa kwa taarifa za mtumiaji. Linux ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki nchini Finland, na muda mfupi baadaye aliiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotokana na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Leseni hiyo humpa kila mtu haki ya kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba anayeisambaza awape wenzake haki hizohizo. Haki hiyo ikishatolewa kwa toleo fulani haiwezi kunyang'anywa kesho, hata kama mwandishi wake atabadili nia.

Wanaolipa, kwa sehemu kubwa, ni kampuni zinazoihitaji. Intel, Google na Red Hat, miongoni mwa nyingine nyingi, huajiri wahandisi wa kuiboresha kwa sababu simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya TOP500 ya kompyuta kuu za dunia huendeshwa nayo. Mint yenyewe hutegemea michango ya hiari na wadhamini. Ukiona imekufaa, mchango wako, hata mdogo, ni namna ya haki ya kushukuru. Lakini hakuna atakayekufungia mlango usipotoa.

SWALI: Nina laptopu ndogo ya inchi 10 yenye prosesa ya Atom N270 na RAM ya GB 1. Mint inakataa kuwaka. Ipo Linux yoyote itakayokubali?
*Baba wa watoto watatu*

JIBU: Ndugu yangu, Atom N270 ni prosesa ya biti 32, na milango kwa mashine za namna hiyo inafungwa mmoja baada ya mwingine. Matoleo makuu ya Mint ni ya biti 64 pekee, na Debian 13, toleo jingine la Linux lililotoka Agosti 2025, imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Toleo lililobaki na ninaloliheshimu kwa kazi hii ni antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12 na yenye faili la biti 32, ambayo huweza kuendeshwa hata katika RAM hiyo ya GB 1.

Sitaki uitarajie kupita uwezo wake. Watoto wataweza kuandika, kujifunza programu za mwanzo, kusoma vitabu vya PDF na kusikiliza muziki, na kwa kazi hizo kompyuta itawatumikia vizuri. Video za mtandaoni zitakatikakatika, na tovuti nzito zitaikaba pumzi. Usiinunulie vipuri, kile utakachotumia juu yake kingefaa zaidi kikielekezwa kwenye laptopu ya biti 64, hata iliyotumika.

SWALI: Baada ya kuweka Linux, kila tovuti ninayofungua inaniambia kwamba muunganisho si salama. Je, nimewekewa programu ya wizi?
*Muuguzi*

JIBU: Dada, kabla ya kuogopa wizi, tazama tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Cheti cha usalama cha kila tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayodhani kwamba tuko miaka kumi na mitano nyuma huona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza kutumika, kwa hiyo huvikataa vyote kwa pamoja. Sababu ya kawaida ni kuisha kwa betri ndogo inayotunza saa wakati kompyuta imezimwa. Rekebisha tarehe kwa mkono na tovuti zitafunguka. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila unapochomoa chaji na betri kuu, mwambie fundi aibadilishe betri hiyo ndogo. Katika laptopu nyingi ni ya aina ya CR2032, wakati mwingine ikiwa imefungwa ndani ya plastiki yenye waya mbili na plagi ndogo, na ikiwa ni ya namna hiyo atafute yenye plagi inayolingana. Kama tarehe ni sahihi na onyo bado linatokea, jaribu mtandao tofauti, kwa mfano wa simu yako, na usiingize nywila yoyote hadi onyo liondoke.